Nahodha Aliyekuzwa na Nairobi

Ukimwuliza Mkenya akutajie mashujaa wa Olimpiki wa miaka ya sitini, atakutajia Kipchoge Keino, atakutajia Naftali Temu, na akiwa mpenzi wa michezo atamkumbuka Wilson Kiprugut, aliyeiletea nchi medali yake ya kwanza kule Tokyo. Ni nadra sana kusikia jina la Avtar Singh Sohal. Hata hivyo, kati ya 1957 na 1972, beki huyu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938, na ambaye wenzake walimwita Tari, aliichezea Kenya mechi 167 za kimataifa za mpira wa magongo, idadi iliyomwingiza katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Alicheza Olimpiki nne mfululizo: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972, na katika tatu za mwisho yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Ni Wakenya wachache, katika mchezo wowote ule, walioitumikia bendera kwa muda mrefu hivyo wakiwa katika ngazi hiyo. Kusahauliwa kwake kuna chanzo. Tumezoea kuihesabu historia ya magongo kuwa habari ya Wahindi, jambo lililopita pembeni ya historia yetu. Nashikilia kwamba dhana hiyo ni potofu. Ubingwa wa Sohal ulitengenezwa Nairobi, katika ukanda mfupi unaotoka katikati ya jiji, ukapita Ngara na kuishia Parklands na Westlands. Mtu akiuchunguza ukanda huo na jinsi ulivyofanya kazi, ataelewa kwa nini Kenya iliwahi kuwa miongoni mwa timu bora duniani, na kwa nini haipo tena katika orodha hiyo.

Tuanze na mji wenyewe. Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, na reli ile ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, takriban 2,500 walikufa kazini, na waliobaki hawakuzidi 7,000. Waliwafuata mafundi, wafanyabiashara na makarani: Wasikh waliokuwa maseremala, wahunzi na waashi, Wagujarati waliofungua maduka katika mtaa ambao leo ni Biashara Street, na Wagoa walioshika kalamu katika ofisi za serikali na za reli. Serikali ya kikoloni haikuficha azma yake ya kuwatenga watu kwa rangi. Ripoti ya Profesa Simpson, iliyoandikwa katika miaka ya 1910 kwa kisingizio cha kuzuia tauni, ilipendekeza kila jamii iwe na eneo lake. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliondoa utengano wa kisheria wa makazi mijini, lakini masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja na bei za nyumba viliendelea kufanya kazi ileile. Wazungu wakashika vilima vya magharibi, Waafrika wakasukumwa mashariki, na Waasia wakajikuta katikati: Ngara, Pangani, Eastleigh, na kadiri miaka ilivyosonga, Parklands. Mpango huo ulikuwa dhuluma, na hakuna sababu ya kuupamba. Lakini ulizaa jambo ambalo waliouweka hawakulikusudia. Jamii yenye ari ya mchezo ilibanwa mahali pamoja, na shule zake, nyumba zake za ibada, klabu zake na viwanja vyake vikawa vyote kwenye umbali wa kutembea kwa miguu.

Umbali huo mfupi ndio siri ya mambo mengi. Kijana wa Ngara wa miaka ya hamsini alisoma pengine katika shule ya serikali ya Wahindi, iliyokuja kuitwa Duke of Gloucester na ambayo baada ya uhuru ikawa Jamhuri High School. Huko alikabidhiwa gongo na mwalimu aliyeuona mchezo ule kuwa sehemu ya malezi. Masomo yakiisha alasiri, alikwenda klabuni. Wasikh walikuwa na Sikh Union, klabu ya Sohal mwenyewe. Wagoa walikuwa na Goan Institute, Goan Gymkhana na klabu ya Wagoa wa reli. Waismailia, Wahindu na wengine nao walikuwa na zao. Klabu hizi zilichezesha kriketi, tenisi na mpira wa vinyoya pia, lakini magongo ndiyo yaliyobeba heshima ya jamii nzima. Mwishoni mwa wiki timu zilikutana City Park na katika viwanja vya jirani, na mashindano ya Kombe la Dhahabu la M. R. D'Souza yalivutia timu na watazamaji wengi. Kijana alicheza dhidi ya watu wazima waliokwisha kuiwakilisha nchi. Hakuhitaji kusafiri ili akutane na ushindani wa hali ya juu. Ulimngoja upande wa pili wa barabara. Tena alifunzwa na macho. Mwishoni mwa 1947 timu ya India ilizuru Afrika Mashariki ikiongozwa na Dhyan Chand, aliyehesabiwa kuwa mchezaji bora kuliko wote waliowahi kushika gongo. Umri wake ulikuwa umepita arobaini, lakini waliowaalika walimtaka yeye hasa. Sohal alikuwa na umri wa miaka tisa wakati huo, na kizazi chake kikakua katika mji uliokwisha kupimwa kwa kipimo cha juu kabisa.

Matokeo hayakuchelewa kuonekana. Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, na timu ya magongo ilikuwamo, ikamaliza ya kumi. Miaka minne baadaye kule Roma, Sohal akiwa kijana wa miaka 22, Kenya ilifika robo fainali na kutolewa na Uingereza kwa mabao 2-1 baada ya muda mrefu wa nyongeza, ikamaliza ya saba. Mwaka 1964 timu ya Kenya ilizuru India na kuwaonjesha wenyeji kipigo. Miezi michache baadaye India hiyohiyo ilitwaa dhahabu Tokyo. Huko Tokyo, Oktoba 1964, nchi iliyokuwa na umri wa miezi kumi tangu uhuru iliingia uwanjani ikiongozwa na nahodha Msikh mwenye umri wa miaka 26. Kikosi chake kilikuwa na Wasikh kama Surjeet Singh Panesar na Wagoa kama Hilary Fernandes, Alu Mendonca na Anthony Vaz. Kilimaliza cha sita. Hakuna timu ya Kenya ya mchezo wa pamoja iliyokuwa imefika mahali pale kabla yake katika Olimpiki. Jambo hilo linastahili kutafakariwa, kwa sababu uongozi wa timu ya namna ile haukuwa kazi ndogo. Mechi za kimataifa zilikuwa chache, wachezaji walikuwa na kazi zao za kila siku maofisini na katika karakana, na hakuna aliyelipwa mshahara kwa kucheza. Mechi 167 katika miaka kumi na mitano, kwa mchezaji wa ridhaa wa zama zile, zinahitaji mwili wenye nidhamu na moyo usiochoka kuitikia wito.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni suala la asili. Wahindi walikuwa mabingwa wa dunia wa magongo, watasema. Waliokuja Nairobi walikuja na mchezo damuni, na mji haukuwaongezea chochote. Hoja hii inaonekana nyepesi kukubalika mpaka uipime kwa ushahidi. Kwanza, kikosi cha Kenya hakikuwa cha asili moja. Punjab, chimbuko la Wasikh, iko kaskazini mwa India; Goa iko kwenye pwani ya magharibi, ilitawaliwa na Wareno, na watu wake wana lugha, dini na desturi nyingine kabisa. Kilichowaunganisha Sohal na Fernandes ni ligi ya Nairobi. Pili, Waasia walikuwapo kwa wingi Kampala, Dar es Salaam, Zanzibar na miji mingine ya Afrika Mashariki, na wengi wao walitoka katika koo zilezile. Uganda ilifika Olimpiki ya magongo mara moja tu, Munich 1972, wakati uleule Idi Amin alipokuwa akiwafukuza Waasia nchini. Tanzania ilishiriki Moscow 1980 ikamaliza ya mwisho kati ya timu sita. Kama damu ingetosha, matokeo ya miji hii yangelingana. Hayakulingana kwa sababu Nairobi ilikuwa na kitu cha ziada: klabu nyingi zilizokaribiana, shule zilizolisha klabu hizo, na mashindano ya mara kwa mara yaliyowanoa wachezaji mwaka mzima. India ilitoa mbegu, na hilo halina ubishi. Lakini mchezaji aliyeifunga India hakulelewa huko.

Hoja ya pili ndiyo inayosikika zaidi, nayo inasema magongo ya Kenya yalikufa Waasia walipoondoka. Ni kweli waliondoka wengi. Sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasiokuwa raia, na Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kufunga mlango kwa sheria yake ya Machi 1968, maelfu walikimbilia uwanja wa ndege. Sensa ya 1962 iliwahesabu Waasia zaidi ya 176,000 nchini Kenya. Ile ya 1969 ilikuta kama 139,000, na kufikia 1979 walikuwa wamepungua hadi chini ya 80,000. Lakini zipange tarehe hizo sambamba na matokeo ya uwanjani. Kombe la Dunia la kwanza la magongo lilichezwa Barcelona Oktoba 1971, miaka mitatu na nusu baada ya wimbi kubwa la kuondoka. Katika timu kumi, Kenya ya Sohal ilifika nusu fainali, ikafungwa bao 1-0 na wenyeji Hispania, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India kwa mabao 2-1 katika muda wa nyongeza. Ilimaliza ya nne duniani. Nyuma yake walibaki Ujerumani Magharibi, iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata, Uholanzi, iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1973, na Australia. Matokeo bora kabisa katika historia ya mchezo huu nchini yalipatikana baada ya idadi ya Waasia kushuka, si kabla. Kwa hiyo kuondoka kwao kulipunguza hazina ya wachezaji, lakini peke yake hakuelezi anguko.

Sababu nyingine lazima zitafutwe, na ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Munich 1972, Sohal alipomaliza safari yake ya Olimpiki, Kenya ilishuka hadi nafasi ya 13; kizazi kilichoanza pamoja naye kilikuwa kimechoka kwa pamoja, na waliotakiwa kukirithi walikuwa wachache. Hapo ndipo siasa za dunia zilipokata mnyororo. Kenya ilisusia Montreal 1976 pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand Afrika Kusini, na ikasusia Moscow 1980 kwa kuungana na Marekani. Msimamo wa 1976 ulikuwa wa haki, kwani ubaguzi wa Afrika Kusini haukustahili kuvumiliwa. Hata hivyo gharama yake kwa magongo ilikuwa kubwa: mchezaji aliyekuwa na miaka 20 Munich ilipokwisha hakupata Olimpiki nyingine mpaka alipofika 32. Na katika kipindi hichohicho mchezo wenyewe ulibadilika. Montreal ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya magongo kuchezwa kwenye nyasi bandia. Ufundi wa Nairobi, wa kuutuliza mpira kwenye uwanja usiosawazika na kuupitisha kwa viganja vyepesi, ulikabiliwa na mchezo mpya wa kasi, nguvu na pumzi. Nchi tajiri ziliweka viwanja vipya miji yote. Nairobi ilingoja mpaka uwanja wa City Park ulipotengenezwa upya kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, miaka kumi na moja baadaye. India na Pakistan, zenye mamilioni ya wachezaji, ziliyumba kwa mabadiliko hayo. Nchi iliyotegemea klabu chache za mtaa mmoja isingeweza kusalimika.

Inabaki hoja ya tatu, nayo ni nzito kuliko zote, kwa sababu imesimama juu ya ukweli. Inauliza: timu ile ilikuwa ya Kenya kwa maana gani, ikiwa Mwafrika wa Makadara au Pumwani hakuwa na njia ya kuingia katika klabu zake? Klabu zile zilifuata jamii, na ndani ya jamii zikafuata tabaka. Hata Wagoa wenyewe waligawanyika, mafundi cherehani wakawa na chama chao. Viwanja vizuri vilikuwa upande mmoja wa mji. Shule ziligawanywa kwa rangi na serikali, lakini klabu zilijigawa zenyewe, na baada ya uhuru nyingi zilichelewa kufungua milango. Anayeandika historia hii bila kulisema hilo hawatendei haki Wakenya waliofungiwa nje. Lakini kosa la milango iliyofungwa haliwezi kuwa sababu ya kufuta kilichofanywa na wachezaji waliovaa jezi ya taifa. Uraia wa mtu hupimwa kwa alichojitolea. Pio Gama Pinto, Mgoa aliyefungwa na wakoloni kwa kupigania uhuru wa Kenya, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Westlands Februari 1965, na amezikwa City Park, jirani na viwanja vilevile vya magongo. Hakuna anayesema leo kwamba damu yake haikumwagika kwa ajili ya Kenya. Sohal naye, wakati wenzake wengi walipochagua London, aliendelea kuiongoza Kenya Mexico City, Barcelona na Munich, na alipoacha kucheza akawa kocha wa timu ya taifa.

Tena historia yenyewe inaonyesha kwamba mlango ulipofunguliwa, mchezo ulipokelewa. Shule za Nairobi zilizokuwa za Waasia au za Wazungu zilipoanza kuchukua wanafunzi wa kila jamii, vijana wa Kiafrika walishika magongo na kufika mbali. Timu za miaka ya themanini zilikuwa na majina kama Peter Akatsa, Michael Omondi na Lucas Alubaha yakiwa bega kwa bega na majina ya Kisikh. Kenya ilimaliza ya tisa Los Angeles 1984, ikashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika hapo hapo City Park mwaka 1987, na ikacheza Seoul 1988. Kwa wanawake, timu ya Telkom ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Siku hizi shule za magharibi mwa Kenya zinatoa wachezaji wengi wazuri, mbali kabisa na Ngara na Parklands. Haya yote yanathibitisha kwamba mchezo haukuwa wa damu ya mtu. Ulikuwa wa mazingira, na mazingira yanaweza kupanuliwa. Kilichokosekana ni mkono wa serikali na wa chama cha mchezo wa kuyapanua kwa wakati. Tangu Seoul, timu ya wanaume ya Kenya haijarudi Olimpiki.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Tamko lile lilikuwa jema, lakini halina uzito kama watoto wa shule hawafundishwi jambo moja lililofanywa na kabila hilo kwa jina la taifa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sohal alicheza kwao kwa miaka kumi na mitano, na nchi haijamtunza kwa kiasi cha utumishi wake. Kumtunza hakuhitaji gharama kubwa. Jina lake na majina ya wenzake wa 1964 na 1971 yaingizwe katika vitabu vya historia ya michezo, karibu na ya Keino na Temu. Uwanja wa City Park utunzwe uwe wa kuchezwa kila siku, na ardhi inayouzunguka ilindwe dhidi ya wanyakuzi. Na muhimu kuliko yote, wanaopanga michezo ya nchi hii wajifunze somo lililo wazi katika maisha ya nahodha huyu: bingwa hutokea pale ambapo shule, klabu na uwanja viko karibu na mtoto, na mashindano hayakatiki. Wakoloni waliliruhusu jambo hilo katika mtaa mmoja kwa bahati tu. Kenya huru inaweza kulifanya kwa makusudi Kibera, Kangemi, Kawangware na Dandora, na haina kisingizio cha kutolifanya.